Paa la Darasa Lina Maeneo Mawili

Tuchukue darasa la kawaida la sekondari, lenye paa la mgongo wa tembo na kenchi unazoziona ukitazama juu. Ukilipima kwa chini, kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, tuseme lina mita 20 kwa mita 9, na kenchi zimenyanyuka mita 1.8 katikati. Mwalimu wa hisabati ana maswali mawili ya kuwauliza wanafunzi wake juu ya paa hilo. Yanahitajika mabati mangapi? Na mvua ya milimita 40 ikinyesha usiku, tangi litapata lita ngapi?

Mwanafunzi aliyezoea kitabu atakimbilia kanuni ya Pythagoras, na hajakosea kuikimbilia. Nusu ya upana ni mita 4.5, kimo ni 1.8, basi mteremko wa upande mmoja una urefu wa mita 4.85 hivi, na pande zote mbili zina eneo la mita za mraba 194. Akilizidisha eneo hilo kwa milimita 40 za mvua atapata karibu lita 7,760. Jibu hilo si sahihi. Mvua inayodondoka wima haina habari na mwinuko wa paa. Inayoihusu ni sehemu ya ardhi ambayo paa limeifunika, yaani mita 20 kwa 9, mita za mraba 180. Maji ni lita 7,200, na hapo bado hatujatoa yanayomwagika kwenye gata.

Basi eneo la mita za mraba 194 ni la mabati? Ndiyo, lakini nalo lina mtego. Ikiwa bati moja lina urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 85, ukigawanya eneo kwa eneo unapata mabati 77. Fundi atakuambia ununue 108. Tofauti hiyo ya mabati 31 haitokani na fundi kutojua hesabu. Bati likilazwa ubavuni mwa jingine hupandana nalo, na tuseme kati ya zile sentimita 85 zinabaki 75 zinazofunika. Mteremko ni mita 4.85, kwa hiyo bati moja halifiki na mawili yanazidi. La pili litakatwa na kipande kitabaki. Safu 27 kwa mita 20, mabati mawili kila safu, pande mbili za paa: 108. Mwanafunzi mdadisi akiachiwa nafasi atagundua kwamba bati la mita 3 likifuatwa na la mita 2, yakapandana sentimita 15, yanafika mita 4.85 bila kukata kitu. Fundi naye atamkatalia, maana kenchi hazikai sawa kwa milimita, na ukingo ukipungua sentimita mbili tu maji yatashuka na ukuta.

Mazungumzo hayo kati ya mwanafunzi na fundi ndiyo jiometri ninayotaka ifundishwe. Watafiti wa elimu ya hisabati huita kazi ya namna hiyo kuunda modeli, na wameieleza kama safari ya mzunguko. Unaanza na jambo lenyewe, unaamua nini ubakishe na nini uache, unaligeuza kuwa umbo na namba, unakokotoa, kisha unarudi kwenye jambo lenyewe kuona kama jibu linakubalika. Likikataa, unaanza tena. Wajerumani Werner Blum na Dominik Leiß waliuchora mzunguko huo mwaka 2007 kwa hatua zake, na mchoro wao umenakiliwa sana katika vitabu vya walimu. Kabla yao Hans Freudenthal, aliyefanya kazi Utrecht, aliandika mwaka 1968, katika toleo la kwanza la jarida la Educational Studies in Mathematics, akihoji namna ya kufundisha hisabati ili iwe na manufaa. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wasipewe hisabati kama jengo lililokwisha kukamilika. Waifanye, waanzie kwenye mambo wanayoyaona na wayapange wenyewe kihisabati.

Hapa kwetu maneno hayo yanakubalika haraka, pengine haraka mno. Kila mtu anakubali kwamba hisabati ihusishwe na maisha, na kila mwandishi wa kitabu atakuonyesha kwamba ameihusisha. Atakuonyesha swali la ngazi. Ngazi yenye urefu wa mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani. Tafuta kimo ambacho inafika. Jibu ni mita 4, tunasonga mbele. Lakini tazama ngazi yenyewe: imelala kwa pembe ya nyuzi 53 kutoka ardhini. Kanuni inayotumiwa na watu wa ujenzi ni kuacha mita moja chini kwa kila mita nne za kimo, ambayo ni pembe ya nyuzi 76 hivi. Hakuna mtu mwenye kazi yake atakayeipanda ngazi ya kitabuni. Iliwekwa pale ili namba 3, 4 na 5 zitokee vizuri, na mwanafunzi naye anajua hivyo. Amejifunza kwamba katika hisabati ngazi si ngazi, ni neno linaloficha pembetatu, na kazi yake ni kuifichua haraka kisha kuisahau ngazi.

Silikatai swali hilo. Linafaa kwa mazoezi, kwa sababu mkono lazima uzoee. Lakini si modeli, maana maamuzi yote yameshafanywa na mwandishi: nini kipimwe, nini kipuuzwe, umbo lipi litumike. Geuza swali. Ukuta una kimo cha mita 4, tunataka kufika juu tukiwa salama, ngazi ya urefu gani inatutosha na mguu wake ukae wapi? Pythagoras ni yule yule na hesabu ni ile ile, ila sasa yupo mtu anayefikiri.

Mfano mwingine unaopatikana karibu katika kila kitabu ni wa kupima urefu wa mti kwa kivuli. Simamisha kijiti cha mita moja, pima kivuli chake, pima na kivuli cha mti, kisha tumia mfanano wa pembetatu. Ni mbinu nzuri na ya kale. Mwalimu wa Dar es Salaam au Mombasa akiijaribu wakati wa kipindi cha mchana, jua likiwa karibu utosini, atakuta mnazi umekanyaga kivuli chake na hakuna cha kupima. Lazima asubiri jioni, na jioni huku karibu na Ikweta ina tabia yake: jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Jua likiwa kwenye nyuzi 45, mnazi wa mita 12 una kivuli cha mita 12. Dakika kumi baadaye jua limeshuka nyuzi mbili na nusu na kivuli kimefika mita 13.1. Kundi lililopima kijiti kwanza, likatafuta kamba, likabishana nani aende kwenye mnazi, litapata mnazi mrefu kuliko ulivyo kwa zaidi ya mita moja.

Mwalimu asiyejua hili atawaambia wanafunzi kwamba wamepima vibaya. Mwalimu anayelijua atawauliza kwa nini makundi sita yamepata majibu sita, na ataacha ubishi uendelee mpaka mmoja wao aseme kwamba vivuli viwili vipimwe kwa wakati mmoja. Hapo wamegundua sharti lililojificha ndani ya mfanano wa pembetatu: pembe ya jua lazima iwe moja. Kitabu kinalisema sharti hilo kwa maneno ya pembe zinazolingana, na wanafunzi wamelikariri. Uwanjani ndipo linapokuwa na uzito.

Hatua ya kurudi kwenye jambo lenyewe ndiyo inayorukwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba somo. Kutoka nje ya darasa peke yake hakufundishi jiometri. Nimeona vipindi ambavyo wanafunzi walitoka, wakapima, wakafurahi, wakarudi kuandika namba daftarini na kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza kama namba ile inawezekana, wala ingebadilika kiasi gani kama kamba ingekuwa imelegea kidogo.

Kamba yenyewe ina mengi. Fundi mwashi anapoweka msingi anapiga skwea kwa 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande mwingine, na kamba ya mshazari iwe mita 5. Wanafunzi wanaijua kanuni hiyo kwa jina la mwanafalsafa wa Kigiriki, fundi anaijua kwa mikono. Sasa tuseme kamba ya mshazari imevutika ikawa mita 5 na sentimita 2. Kona haitakuwa nyuzi 90 tena, itakuwa 90 na karibu nusu. Nusu nyuzi inaonekana si kitu. Iendeleze hadi mwisho wa ukuta wa mita 20 na utakuta ukuta umekwenda upogo sentimita 17, zaidi ya unene wa tofali nyingi. Mafundi wazuri wanalijua hilo, ndiyo maana wakimaliza kupiga kona wanapima tena ulalo wa nyumba nzima kutoka pembe hadi pembe, na zile lalo mbili zisipolingana wanaanza upya. Kwa jengo letu la mita 20 kwa 9, kila ulalo uwe mita 21.93.

Kwa nini lalo mbili zikilingana na kukatana katikati nyumba inakuwa mraba pembeni? Hapa yupo mtu anayestahili kufahamika zaidi katika vyuo vyetu vya ualimu. Paulus Gerdes alizaliwa Uholanzi mwaka 1952, akaishi na kufundisha Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, na akatumia miaka mingi kuchunguza hisabati iliyomo katika kazi za mikono za Waafrika: ususi wa vikapu, michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola, ujenzi wa nyumba. Alieleza namna wajenzi wa vijijini Msumbiji wanavyoweka msingi wa mstatili. Wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa na kuzifunga pamoja katikati. Kisha wanalaza chini mwanzi wenye urefu wa upana wa nyumba wanayoitaka, wanapigilia vigingi kwenye ncha zake, na kufunga ncha moja ya kila kamba kwenye kila kigingi. Wanazivuta kamba hadi zikaze, na pale zinapofika ncha mbili zilizobaki wanapigilia vigingi vingine viwili. Vigingi vinne, nyumba imepata msingi. Hakuna kipimapembe, wala hakuna aliyetaja tatu, nne na tano.

Zoezi hili linahitaji kamba mbili, kijiti na vigingi vinne, na darasa la wanafunzi sitini linaweza kugawanyika makundi kumi uwanjani likalimaliza ndani ya robo saa. Kinachobaki ni uthibitisho, na hapa jiometri ya modeli inakutana na jiometri ya Euclid bila kulazimishwa. Kamba zimekatana katikati, na kwa kuwa zina urefu sawa, vipande vinne kutoka fundo hadi vigingi vyote ni sawa. Kwa hiyo fundo limezungukwa na pembetatu pacha nne. Zile mbili zinazotazamana, ya upande wa mwanzi na ya mkabala wake, zina pembe za chini tuziite x, na zile mbili za ubavuni zina pembe y. Kila kona ya msingi imeundwa na x moja na y moja. Kona ziko nne na jumla yao ni nyuzi 360, basi x na y pamoja ni 90. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuufuata uthibitisho huo, na akiuona uwanjani kwenye kamba aliyoivuta mwenyewe ataweza hata kuutunga. Akifika kidato cha tatu, kwenye mada ya duara, mwalimu amrudishe kwenye kamba zile zile: vigingi vinne viko umbali mmoja kutoka kwenye fundo, kwa hiyo vyote viko juu ya duara moja, na kila kamba ni kipenyo. Pembe iliyosimama juu ya kipenyo ni pembe mraba. Msingi wa nyumba ulikuwa na duara ndani yake tangu mwanzo.

Ninasisitiza uthibitisho kwa sababu kuna watu wanaopigia debe hisabati ya maisha kana kwamba imekuja kuuondoa. Wanasema wanafunzi wetu hawahitaji kuthibitisha, wanahitaji kutumia. Huko ni kumpunja mwanafunzi. Fundi anajua kwamba njia yake inafanya kazi. Kazi ya shule ni kuuliza kwa nini inafanya kazi, na ni wakati gani haitafanya. Bila swali hilo shule haijampa mtoto wa fundi kitu ambacho hangekipata kwa baba yake.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Wanachukua kanga au mkeka, wanaonyesha kwamba una ulinganifu, wanalisifu lile neno na kuishia hapo. Mkeka umekuwa picha ya ukutani. Ukitaka hisabati yake, mpe mwanafunzi ukili wa rangi mbili na umwambie asuke ruwaza ambayo ikigeuzwa nyuzi 180 inabaki vile vile lakini ikiakisiwa kwenye kioo inabadilika. Atahangaika, na katika kuhangaika atajifunza tofauti ya mzunguko na mwakisiko ambayo saa nzima ya ubaoni isingemfundisha.

Kwa nini kuhangaika huko kuna thamani kulielezwa na mume na mke wa Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walimu wa sekondari, katika tasnifu zao za mwaka 1957. Walisema mwanafunzi hupanda ngazi katika kuelewa maumbo. Kwanza huliona umbo zima: huu ni mraba kwa sababu unafanana na mraba. Baadaye huziona sifa zake, pande sawa, pembe sawa. Baadaye tena huona namna sifa moja inavyozaa nyingine, na hapo tu ndipo uthibitisho unapokuwa na maana kwake. Mwalimu akizungumza kutoka ngazi ya juu na mwanafunzi akiwa ngazi ya chini, wanatumia maneno yale yale bila kuelewana. Dina alifariki muda mfupi baada ya kumaliza kazi hiyo, lakini maelezo yao yanagusa madarasa yetu moja kwa moja. Mtoto anakaririshwa uthibitisho wa nadharia za duara wakati mraba uliogeuzwa ukasimama kwa kona moja bado anauita almasi. Kupima, kufunga kamba na kubishana juu ya ulalo ndiyo njia ya kumvusha kutoka kuona umbo hadi kuona sifa zake.

Afrika Mashariki imewahi kubadilishiwa jiometri yake bila kuulizwa vya kutosha. Mwaka 1959, kwenye mkutano wa Royaumont, Ufaransa, mwanahisabati Jean Dieudonné alitaka Euclid atupwe nje ya shule za sekondari. Wimbi hilo lilifika kwetu haraka. Kuanzia mwaka 1962 zilifanyika warsha Entebbe, Uganda, ambako wataalamu wa Marekani na wenzao wa Kiafrika waliandika vitabu vya ile iliyoitwa hisabati mpya: seti, miundo, jiometri ya mageuzo badala ya nadharia za pembetatu. Baadaye nchi zetu ziliachana nayo, ingawa mabaki yake yapo katika silabasi hadi leo, kama vile mageuzo, vekta na matriki. Katikati ya miaka hiyo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ifungamane na kazi na maisha ya watu wake. Shule zikapata mashamba. Inasikitisha kwamba waraka ule na vitabu vile vilikuwa shuleni kwa wakati mmoja, shamba likilimwa asubuhi na seti zikifundishwa mchana, bila shamba kuwa maabara ya kipindi cha hisabati.

Ipo mada moja katika silabasi ya Tanzania ambayo ingeweza kuonyesha uzuri wote wa njia hii, nayo ni dunia kama tufe, inayofundishwa kidato cha tatu. Kwa kawaida inageuka orodha ya maswali ya meli na ndege kati ya miji ambayo mwanafunzi hajawahi kuisikia. Lakini mtoto wa pwani anaijua dunia ya tufe kila anaposimama kuswali. Makka iko latitudo 21°25′ Kaskazini, longitudo 39°50′ Mashariki. Dar es Salaam iko 6°48′ Kusini, 39°17′ Mashariki. Longitudo zinapishana kwa karibu nusu nyuzi tu, ndiyo maana kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini karibu kabisa. Jumlisha latitudo upate 28°13′, zidisha kwa 60 upate maili za baharini 1,693, ambazo ni kilomita 3,135 hivi. Swali zima la mtihani limo ndani ya msikiti wa mtaani.

Kisha peleka swali mbali zaidi. Mzanzibari aliyehamia New York aelekee wapi? Akitandaza ramani ya ukutani, Makka iko kusini zaidi ya New York na mashariki, basi atasema kusini mashariki. Akichukua globu na kuuvuta uzi ukakaza kutoka New York hadi Makka, uzi unaanza safari kwa kuelekea kaskazini mashariki, kiasi cha nyuzi 58 kutoka kaskazini. Waislamu wa Amerika Kaskazini wamewahi kubishana juu ya jambo hili, na sehemu kubwa wanafuata kaskazini mashariki. Ramani bapa ni modeli, globu ni modeli, na kila moja ina jibu lake. Mwanafunzi aliyeshika uzi huo hatasahau maana ya duara kuu. Blum ana swali linalofanana na hili kwa roho, la mnara wa taa wa Roter Sand wenye kimo cha mita 30.7 katika ghuba ya Bremen: nahodha anaanza kuuona akiwa umbali gani? Hakuna pembetatu iliyochorwa. Lazima mwanafunzi aamue mwenyewe kwamba dunia imepinda, achore, na apate karibu kilomita 20. Minara ya taa iko tele kwenye mwambao wetu, na swali linahamia hapa bila kubadilishwa neno.

Shule mbili zikishirikiana zinaweza kuipima dunia nzima. Eratosthenes alifanya hivyo katika karne ya tatu kabla ya Kristo kwa kulinganisha jua la Syene, ambayo leo ni Aswan, na la Alexandria: tofauti ya nyuzi 7.2, sehemu moja ya hamsini ya duara. Arusha na Songea zinatofautiana latitudo kwa nyuzi 7.3, karibu sawa na miji yake, na longitudo zao haziachani sana. Kila shule isimamishe kijiti cha mita moja karibu na tarehe 21 Machi na ipime kivuli kifupi kuliko vyote cha siku hiyo. Hakitakuja saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45, isiyopita Tanzania kabisa, kwa hiyo huko kivuli kifupi huja baada ya saa sita na nusu. Arusha watapata sentimita 5.9, Songea 18.9. Kwenye ramani umbali wa kaskazini-kusini ni kilomita 810 hivi. Mzingo wa dunia unatoka karibu kilomita 40,000. Na ikiwa Songea wamekosea kwa sentimita moja wakaandika 17.9, dunia itakua hadi kilomita 43,000. Wanafunzi wa shule mbili wakipigiana simu kuulizana nani amekosea, wanafanya sayansi.

Kuna vikwazo, na walimu wanavijua kuliko mimi. Katika mitihani ya kidato cha nne ya Tanzania ya 2022 na 2023 waliofaulu hisabati walikuwa kati ya mmoja katika watano na mmoja katika wanne. Mwalimu anayesukumwa na takwimu hizo, mwenye darasa lililojaa na silabasi ndefu, ataona kutoka nje na kamba ni anasa. Ninamwelewa. Lakini vipindi viwili mfululizo ni dakika 80, na zoezi la kamba pamoja na uthibitisho wake linatosha ndani ya muda huo likichukua nafasi ya vipindi vitatu vya kukariri.

Lugha nayo inazuia. Mtoto wa Tanzania amejifunza kipenyo, mzingo na pembetatu kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza anakutana na vitu vile vile kwa Kiingereza na kunyamaza. Modeli haiundwi na mtu aliyenyamaza. Ningependa ubishi wa uwanjani ufanyike kwa Kiswahili bila mtu kuadhibiwa, na taarifa iandikwe kwa lugha ya mtihani baada ya mawazo kukaa sawa. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umezungumzia umahiri na umefungua mkondo wa amali, ambamo vijana wanajifunza uashi na useremala. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa karakana wangeandaa somo la paa pamoja, mmoja angepunguza maneno na mwingine angeongeza sababu. Kenya nayo, baada ya mjadala wa mwaka 2025 juu ya nafasi ya hisabati katika sekondari ya juu, imekubali kwamba kila mwanafunzi aisome kwa kiwango fulani. Wale wasioelekea kwenye sayansi ndio wanaohitaji zaidi jiometri ya aina hii, kwani hawatakutana na nyingine.

Yote hayo yataishia kwenye mtihani, kwa sababu mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Hatuhitaji mtihani mpya. Swali moja linatosha kuanza. Shule ina kiwanja cha mita 130 kwa 70 na inataka njia ya mbio ya mita 300 kwa mzunguko wa ndani, yenye sehemu mbili zilizonyooka, nusu duara kila upande na njia nne za wakimbiaji, kila moja upana wa mita 1.22. Chagua nusu kipenyo cha ndani, onyesha kwamba njia inaingia kiwanjani, na eleza kwa nini umechagua hicho. Kipimo chochote kati ya mita 26.1 na 30.1 kinafaa. Chini ya hapo njia inazidi urefu wa kiwanja, juu ya hapo inazidi upana. Anayechagua 30 ataeleza kwamba kona pana zinamfaa mkimbiaji. Anayechagua 28 ataeleza kwamba ameacha nafasi pembeni ya watazamaji. Mwongozo wa kusahihisha utataja masharti matatu ya kukagua na alama za sababu iliyotolewa, na msahihishaji ataweza kuufuata bila kuhitaji jibu moja. Mzingo wa duara na eneo la mstatili vimo katika silabasi tangu zamani, kwa hiyo swali hilo linaweza kuwekwa kwenye karatasi ya mwaka ujao bila kuongeza mada hata moja.